Upande wa Pili wa Reli

Mara ya kwanza Mashinisti kuja kwangu, alikuja na chujio la chai.

Nilikuwa nimekaa mbele ya lupangu letu, kiwanja chetu hapa mtaani Naviundu, mifuko ya makala, makaa ya kupikia, imeegemea ukuta nyuma yangu, na mafungu madogo ya wale wanaopika leo kwa leo yamepangwa mbele. Nikaona mzee anakuja, suruali imepigwa pasi mpaka mstari unasimama, viatu vinang'aa, saa mkononi. Nikasema moyoni, huyu atachukua mfuko mzima. Kumbe! Mzee akainama, makala hakuyatazama hata kidogo. Alitazama chini yake.

"Mama, hii vumbi, unaitupaka?"

"Hii? Iko buchafu tu, papa."

"Basi unipatie. Nitaichuja miye mwenyewe."

Akatoa chujio mfukoni, akachuchumaa na suruali yake ya pasi, akaanza kuchekecha vumbi langu ndani ya kopo la maziwa. Wateja wakasimama kutazama. Nikamuuliza kama ni ya kusugulia meno. Akasema hapana, ni ya kutengenezea miti.

"Miti njo inatoaka makala, papa. Makala haitoake miti."

"Kwangu inatoa," akasema. Akafunika kopo lake, akaaga kwa heshima, akaenda zake. Mimi nikasema, haya, retreti, huku kustaafu, imeshamwingia mzee wa watu kichwani.

Sote tulimwita Mashinisti, hata mke wake. Aliendesha treni ya kwenda mji wa Sakania miaka mingi, na alipopumzishwa alirudi nyumbani na reli yote kichwani. Siku nilipompelekea mfuko wake wa kwanza nilitaka kupita salo, sebuleni, niende jikoni, kama unavyopita kwa watu. Salo haikuwapo. Viti vilikuwa vimesukumwa ukutani, televisheni imepandishwa juu ya friji, na katikati ya chumba milango mitatu mikuukuu ilikuwa imelazwa juu ya kreti za bia, mmoja baada ya mwingine. Juu ya milango ile kulikuwa na nchi. Ndiyo, nchi! Udongo mwekundu, vichuguu, reli nyembamba inayopinda na kunyooka, kituo kidogo chenye kibanda cha bati, na miti. Mawee, miti ile! Mrefu kuliko yote haukuzidi kidole changu cha kati, lakini nilijikuta nimeinamisha kichwa kama mtu anayepita chini ya matawi.

Mke wake alinikuta nimeduwaa na mfuko bado uko kichwani.

"Usishangae, dada," akasema. "Bantu banauliza salo yangu iko wapi, nabaambia ilienda Sakania."

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa nyumba ile. Nilipeleka makala, nikabaki kutazama. Mimi si mtu wa kukaa kimya, watu wote wa Naviundu wanajua, lakini mbele ya meza ile nilikuwa nanyamaza mpaka mke wake ananiuliza kama ninaumwa.

Mti wake ulianza na shaba. Alikuwa na rafiki anayetengeneza motere zilizoungua, naye humwekea nyaya nyembamba za ndani. Mji huu unachimba shaba, shaba inapakiwa, inakwenda, na sisi tunaiaga barabarani. Kile kidogo kilichobaki kwenye motere mbovu Mashinisti alikigeuza mizizi. Alichukua nyuzi kama kishungi cha nywele, akazisokota kwa pense, koleo lake dogo, kutoka chini: kwanza shina, halafu akazigawa mbili, akasokota, akazigawa tena, mpaka ncha zikawa uzi mmoja mmoja. Juu ya shaba alipaka kole, gundi ya mbao, iliyochanganywa na majivu na vumbi langu. Hilo ndilo lilikuwa gome. Likikauka alilikwaruza kwa sindano, mstari kwa mstari, kwa sababu gome la muputu halipasuki kama gome la mubanga, na ole wako useme ni yaleyale.

Majani yalitoka kwenye godoro. Alikuna vipande vya sifongo la godoro kuukuu kwa kikunio cha jikoni, na kikunio hicho kilizua vita ndani ya nyumba ile mpaka mke wake akanunua kingine na kukificha chini ya kitanda. Unga wa sifongo aliupaka rangi, akauanika juu ya gazeti, akaunyunyizia juu ya matawi yenye kole. Chini ya mti alimwaga majani ya chai yaliyokwisha kunywewa, yaliyokaushwa juani. Yalikuwa majani makavu ya msitu, huwezi kubisha.

Kila mti ulimchukua siku kadhaa. Akimaliza aliutoboa udongo kwa msumari, akausimamisha mti, akarudi nyuma mpaka mlangoni, akapiga magoti ili jicho lake liwe sawa na reli, akatazama. Mara nyingi aliung'oa.

"Macho kwanza, mikono nyuma," alikuwa anasema. Na lingine: "Muti yenye sikuona, sitengeneze." Hilo la pili lilikuwa sheria kwake. Hakutengeneza msitu tu, alitengeneza miti aliyoijua, mmoja mmoja, jinsi alivyoiona dirishani mwa treni. Huu radi iliupasua. Ule ulikuwa na mzinga wa nyuki. Pale penye mti ulioegemea ndipo alipokuwa anaanza kushika breki.

Basi utadhani mtu huyo alipenda miti. Sikiliza sasa. Katika lupangu lake hakukuwa na mti hata mmoja. Kulikuwa na mparachichi, mzuri, wenye kuzaa, akaukata mwenyewe kwa sababu ulikuwa unaangusha majani juu ya bati na kumharibia usingizi wa mchana. Nilipomsuta, alisema mti wa kweli hauna adabu. Na rafiki yangu huyo wa miti alikataa kula bukari, ugali wetu, iliyosongwa kwenye resho, jiko la umeme. Alisema haina ladha, maharagwe ndiyo kabisa. Ilikuwa lazima jiko la mbabula, na makala ya kwangu, na akijua siku nimechanganya makala laini ananirudishia ujumbe kupitia mke wake.

Saa nayo ilikuwa dini yake. Alikula saa ileile, alitoka kwenda misa dakika ileile, na padri akichelewa kuanza alitazama mkono wake waziwazi, kanisa zima linaona. Mke wake akisema anakuja, alitaka kujua atachelewa dakika ngapi: "Na retard ngapi?" Alijisifu mbele ya kila mtu kwamba katika miaka yake yote treni yake haikuchelewa kwa kosa lake hata siku moja. Jambo hilo nilikuwa nimelisikia mpaka naweza kulisema usingizini.

Mashine yake ndogo, kichwa cha treni, ilitoka Golf, mtaa wa matajiri. Bwana mmoja wa huko, mwenye nyumba ya ghorofa na watoto waliokwisha kuwa watu wazima, alimpa treni yao ya kuchezea iliyokuwa inakaa tu kwenye sanduku. Umeme ukiwepo ilizunguka, taa yake inawaka. Bwana huyo alikuja siku moja kuona zawadi yake imefikia wapi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akauliza kwa upole mbona miti imekauka, mbona majani ni mekundu.

Mashinisti alicheka mpaka akakaa chini. Kweli, muputu yake yote ilikuwa na majani ya rangi ya shaba, mengine ya divai. "Patron, hii iko mwezi wa tisa! Mvua haiyakuja, majani ya mupya njo inatoka hivi, mwekundu. Weye unapitaka barabarani na vioo vimefungwa." Kila mtu aliyezaliwa huku anajua hilo, hata kama hajawahi kulisema kwa mdomo. Bwana wa Golf naye akacheka, na wiki iliyofuata akarudi na sanduku kutoka Ulaya. Miti ya plastiki, mingi, ya kijani kibichi, yote sawasawa kama wanafunzi wa darasa moja.

"Ya ule upande wa pili," akasema. "Ili umalize."

Mashinisti alishukuru kwa mikono miwili. Alipoondoka mgeni, alichukua mti mmoja, akaugeuza, akaunusa.

"Hii haijue mwezi," akasema, akaurudisha sandukuni. Hakufungua tena lile sanduku.

Sasa nieleze huo upande wa pili, maana ndio uliokuwa unamnyima raha. Meza ile ilikuwa na msitu upande mmoja wa reli tu. Upande mwingine, ule wa mkono wa kuume ukielekea Sakania, ulikuwa udongo mtupu kutoka mwanzo mpaka mwisho, umechekechwa vizuri, hauna hata kisiki. Kila mgeni aliuliza, na kila mgeni alipewa jibu lilelile. Kwenda Sakania treni yake ilikuwa inasafiri usiku, kurudi mchana. Mashinisti anakaa kuume mwa mashine. Akirudi mchana, kuume kwake ni upande ule aliokwisha kuupanda. Upande wa pili aliupita usiku, ukuta mweusi tu, na mchana ulikuwa wa msaidizi wake aliyekaa kushoto.

"Na msaidizi?" watu waliuliza.

"Alikufa, Mungu amupokee. Lakini hata angekuwa muzima! Ule hakuwa anaangalia miti. Alikuwa anaangalia bamama benye kuuza ndizi."

"Si uende uangalie sasa?"

"Nilienda. Hakuna kitu. Balikata yote."

Hapo mimi nilikuwa natafuta la kufanya. Naokota mfuko wangu mtupu, naukunja, naukunjua. Kwa sababu upande ule wa pili mimi niliujua. Niliujua mti kwa mti, kama unavyojua meno yako kwa ulimi.

Kabla sijaanza kuuza hapa nyumbani, biashara yangu ilikuwa treni. Nilikuwa nashuka kwenye kituo kile kidogo cha kibanda cha bati, navuka reli, naingia msituni kwa wachomaji wa makala. Wao walikuwa na shoka, mimi nilikuwa na pesa na kidole. Nilitembea nao, nikanyoosha kidole: huu, na huu, na ule nikirudi. Nilijua kuchagua, nilisifiwa kwa hilo. Sikuiba, sikumdhulumu mtu, nilisomesha watoto wangu kwa makala yale na sitaomba msamaha kwa karo ya shule. Lakini kukaa kwenye salo ya mzee yule, kutazama udongo mtupu, na kujua ni kidole changu mimi kilichoumaliza! Niliona aibu. Niliona aibu kweli. Nikawa nasema, nitamwambia Jumapili. Jumapili zikapita hata sizijui idadi yake.

Halafu mikono yake ikaanza kutetemeka.

Mwanzo alisema ni baridi ya mwezi wa sita. Baridi ikaisha. Nilimwona akishindwa kugawa nyuzi za shaba, zinamponyoka, anaziokota, zinamponyoka tena. Mke wake alinifuata mpaka barabarani.

"Dada, hatamalizaka," akaniambia. "Na haikubali plastiki. Analala akinigeuzia mugongo, lakini nasikia halale."

Nikarudi nyumbani.

Nilikwenda kwake kesho yake asubuhi, bila makala. Alikuwa amekaa mbele ya meza, pense mapajani, mikono imetulia kwa sababu haikuwa na kazi. Jikoni mama anapepea mbabula. Sikuketi.

"Papa Mashinisti, ule upande miye naujua."

"Unajua nini?"

"Miti. Yote. Najua fasi yake moya moya."

"Uliionea wapi?"

Hapo ulimi ukawa mzito. Mimi, mimi ambaye nikimwita mtu wa mwisho wa barabara anageuka! "Njo miye nilibaonesha bachomaji muti ya kukata," nikasema. "Ile yenye ulienda kutafuta ukakosa. Nilichoma yote, papa. Nilikuja kukuuzia ku mulango."

Kule jikoni kupepea kukanyamaza. Mashinisti akavuta karatasi na kalamu, akanisogezea kiti kwa mguu.

"Anza ku kibanda. Umevuka reli. Muti ya kwanza?"

"Mubanga. Mukubwa."

"Majani yake?"

"Majani sijue! Makala yake iko ngumu, unagonga, inalia kama kengele."

Akaandika. "Ya pili?"

"Muputu mbili, zilishikana mabega. Makala yake inawaka mbio, haikae. Halafu kichuguu. Nyuma ya kichuguu musuku, ile hatukuigusa, tulikuwa tunakulaka masuku yake. Iko mpaka leo kama haikufa."

Alikuwa anatabasamu sasa, na kalamu inaruka juu ya karatasi kwa kutetemeka. "Bantu bote bananiambia muti kwa majani," akasema. "Weye unaniambia kwa moto. Endelea."

Nikaendelea. Tulitoka kituo kile tukafika kwenye mpindo, mti kwa mti, mpaka maharagwe yakanukia kutoka jikoni na sauti yangu ikawa imerudi mahali pake. Ndipo nikamuuliza kama hakukasirika.

"Nikasirike juu ya nini? Bukari yangu iliivaka na nini?" Akaweka kalamu chini. "Na ile mifuko, ilibebwa na treni ya nani?"

Nikaitazama mashine ndogo juu ya reli.

"Ulikuwa unatoka upande ule mbio," akasema, "mufuko ku kichwa, unakatiza mbele ya mashine yangu, na bachomaji nyuma yako na mifuko yabo, na unapiga kelele nisimame, Ngoya! Ngoya! Kila safari. Miye natazama saa, nasema huyu mama ataniua. Na nangoya."

"Ulijua iko miye? Tangu lini?"

"Tangu siku ya chujio. Ulisema makala haitoake miti, nikasema, ile sauti njo hii. Unafikiri niliacha makala yote ya Naviundu nibaki na ya kwako bure?"

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na kipepeo cha moto mkononi. "Sasa weye," akamwambia, "miaka yote hii, juu ya nini haukumuuliza?"

"Muti yenye muntu alichoma, haumuulize," akasema Mashinisti. "Anaisema yeye mwenyewe."

Halafu akachukua kishungi cha nyaya za shaba, akanitia mkononi, na pense juu yake. Nikasema sijui. Akasema nitajua. Alinionesha kwa maneno, mikono yake ameifungia kwapani ili isiingilie. Sokota, gawa, sokota. Nilijichoma vidole. Nilitukana kwa sauti ndogo, akajifanya hakusikia. Mubanga wangu ulitoka mbaya, mnene kiunoni, matawi yamekwenda upande mmoja kama mwanamke anayenyoosha mkono kusimamisha gari. Nikataka kuufungua. Akanizuia.

"Uache. Ule wa kweli ulikuwa muzuri?"

Nikafikiri. "Apana. Ulikuwa ngumu tu."

"Basi njo wenyewe."

Kole na majivu na vumbi langu mwenyewe, sindano, sifongo la rangi ya shaba kwa kuwa ulikuwa mwezi wa tisa. Siku ya tatu nilitoboa udongo kwa msumari ng'ambo ya reli, kukabili kibanda cha bati, nikausimamisha. Mti mmoja upande ule mtupu. Nilipiga magoti kama nilivyokuwa nimemwona akifanya, jicho sawa na reli, na sitaficha, nililia kidogo, nikapangusa kwa kitenge.

Umeme ulikuwepo. Mashinisti alisogea kwenye kitasa chake cha kuendeshea, akakizungusha, mashine ikatoka mpindoni taa inawaka, ikapita vichuguu, ikapita ule mti wa radi, ikapita ule ulioegemea, ikaanza kupunguza. Ikaingia kituoni polepole. Ikasimama.

Tukasubiri. Haikuondoka. Nikatazama taa ya dari, ilikuwa inawaka vizuri.

"Courant imekatika kwa mashine?"

"Apana."

"Papa, treni yako inachelewa."

"Najua."

"Sasa inangoya nini?"

Mashinisti alitazama saa yake, yule mtu ambaye treni yake haikuchelewa hata siku moja, akashusha mkono.

"Weye," akasema.